Breki za ndege zikigoma ikiwa bado chini, rubani anafanya nini?

Mei 10, 2005, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Northwest Airlines ilitua Minneapolis, Marekani, ikitokea Columbus, Ohio. Ikiwa angani ilikuwa imepata hitilafu: mfumo wake mmoja wa haidroliki ulipoteza presha. Marubani walitangaza dharura, wakaishusha ndege salama, wakatoka kwenye njia ya kurukia.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Kumbe bado.

Ndege ikiwa inatembea kuelekea geti la kushushia abiria, breki ziligoma. Usukani nao ukagoma. Mbele yake kulikuwa na Airbus A319 ya shirika hilohilo, ambayo ndiyo kwanza imesukumwa nyuma kutoka kwenye maegesho yake.

DC-9 iliivaa Airbus hiyo kwa kasi ya takriban kilomita 25 kwa saa, na sehemu yake ya mbele ikaingia chini ya bawa la mwenzake. Hakuna aliyekufa, lakini kuna watu waliumia, akiwemo kapteni wa DC-9 aliyejeruhiwa vibaya.

Kilomita 25 kwa saa ni mwendo wa bodaboda anayetafuta nyumba ya mteja. Lakini kwa chombo chenye uzito wa makumi ya tani kisicho na breki, mwendo huo unatosha kabisa kuleta maafa.

Ajali ile inaonyesha jambo ambalo abiria wengi hawalifahamu: kwenye ndege, breki na injini haziachani. Rubani anayepata tatizo la breki akiwa ardhini lazima afikirie vyote viwili kwa wakati mmoja. Akisahau kimoja, kinamgharimu.

Ndege si gari kubwa

Kwenye gari, injini ndiyo inayozungusha tairi. Ukiachia mafuta na kuingiza gia ndogo, injini yenyewe inasaidia kupunguza mwendo. Madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga wanalijua vizuri jambo hilo.

Ndege ya abiria haina msaada huo. Tairi zake hazijaunganishwa na injini. Zinazunguka tu zenyewe kama za mkokoteni, na kinachoisogeza ndege mbele ni injini kusukuma hewa kwenda nyuma.

Hapo ndipo shida inapoanza. Hata rubani akirudisha vishikio vya injini hadi mwisho, injini za jeti zinaendelea kusukuma. Ndege ikiwa nyepesi, msukumo huo mdogo unatosha kuifanya iendelee kuongeza mwendo yenyewe kwenye barabara iliyonyooka.

Kwa hiyo rubani analazimika kukanyaga breki kila baada ya muda. Marubani wa Airbus A320, kwa mfano, wanaelekezwa wasiweke mguu kwenye breki muda wote. Wanaiacha ndege ifike takriban kilomita 55 kwa saa, wanakanyaga mara moja kwa ulaini hadi ishuke kama kilomita 18 kwa saa, halafu wanaachia. Kwenye kona kali, mwendo unaotakiwa ni huo mdogo.

Sababu ni mbili. Breki za kaboni zinalika zaidi kwa idadi ya kukanyagwa kuliko kwa nguvu ya mkanyago. Na breki inayokanyagwa kidogo kidogo bila kuachiwa inapata moto. Suala la moto tutalirudia, kwa sababu nalo limewahi kuua.

Ndege za panga boi, kama Dash 8 Q400 na ATR ambazo abiria wengi wa safari za ndani Tanzania wamezipanda, zina nafuu kidogo. Rubani anaweza kubadilisha mlalo wa panga ili zisaidie kuipunguza kasi hata ikiwa chini. Hata hivyo, za kusimamisha ndege kabisa ni breki.

Presha ya breki inatoka wapi?

Rubani anafunga breki kwa miguu. Pedali zilezile anazotumia kugeuza usukani wa mkia ndizo zenye breki: akikandamiza sehemu ya juu ya pedali ya kushoto zinafunga tairi za kushoto, ya kulia zinafunga za kulia. Kwenye ndege nyingi, tairi za pua hazina breki kabisa. Kazi yote inafanywa na tairi kubwa zilizo chini ya mabawa na tumbo.

Lakini nguvu ya mguu wa binadamu haiwezi kusimamisha tani 70. Mguu unatoa amri tu. Nguvu inatoka kwenye haidroliki, yaani majimaji maalumu yanayopita kwenye mabomba kwa presha kubwa sana.

Kwenye A320 presha hiyo ni 3,000 kwa kipimo kilekile cha fundi pancha. Fundi pancha akijaza tairi la gari dogo huwa anaishia kwenye 30 na kidogo. Hii ni kama mara 100 ya hapo. Majimaji hayo yanabana sahani za kaboni zilizopangwa ndani ya kila gurudumu, na msuguano unasimamisha ndege.

Sasa, pampu kuu zinazotengeneza presha hiyo zinaendeshwa na injini. Ukizima injini, umezima na pampu yake.

Watengenezaji wanajua kwamba bomba linaweza kupasuka au pampu ikafa. Ndiyo maana ndege haina mfumo mmoja tu wa breki.

A320 ina mfumo wa kawaida na mfumo wa akiba, kila mmoja ukitumia haidroliki yake. Yote miwili ikifa, kuna chombo kidogo kinachohifadhi presha, ambacho kinatosha kukanyaga breki kwa nguvu zote angalau mara 7. Boeing 737 nayo ina mpangilio unaofanana: mfumo wa kwanza, wa pili, na akiba ya mwisho.

Boeing 787 Dreamliner, ndege ambazo mashirika ya Kenya Airways, Ethiopian na Air Tanzania yanazo, zimeachana na haidroliki kwenye breki. Zinabanwa na mota za umeme zilizofungwa kwenye magurudumu. Lakini hata umeme huo, safari ikiwa inaendelea, kwa kawaida unazalishwa na injini.

Breki inapimwa kabla ya safari kuanza

Kabla ya safari, rubani au fundi anazunguka ndege na kuangalia pini ndogo iliyo kwenye kila breki. Pini hiyo inaonyesha sahani zimelika kiasi gani. Ikiwa imeshazama, breki hiyo inatakiwa kubadilishwa.

Kipimo cha pili kinafanyika ndege ikianza tu kutembea. Ukiwa makini unaweza kukisikia: ndege inasogea mita chache, halafu inapunguza mwendo kidogo kama dereva aliyebadilisha mawazo, kisha inaendelea.

Hapo rubani amekanyaga breki taratibu kuona kama ndege inatii. Kwenye A320, mwenzake anatazama kipimo cha presha ya mfumo wa akiba. Kikisoma sifuri wakati breki zinafanya kazi, maana yake mfumo mkuu ndio umeshika. Kikionyesha presha, kuna kitu hakiko sawa.

Kipimo hiki kinafanyika mapema kwa makusudi. Tatizo likionekana hapo, ndege bado iko mwendo wa kutembea kwa miguu, mafundi wako karibu, na abiria wanaweza kurudishwa bila hatari yoyote.

Zikigoma, sekunde za kwanza

Tuseme kipimo kimepita vizuri, lakini katikati ya safari ya kuelekea njia ya kurukia rubani anakanyaga na ndege haipunguzi mwendo.

Hatua za kuchukua hapo hazisomwi kwenye kitabu. Rubani anatakiwa azijue kwa kichwa, kwa sababu muda wa kufungua kurasa haupo. Kila aina ya ndege ina utaratibu wake, lakini mambo makuu yanafanana.

1. Punguza msukumo. Vishikio vya injini virudi hadi mwisho. Inasikika kama jambo la wazi, lakini kuna ajali kubwa iliyotokea kwa sababu lilichelewa. Tutaiona hapa chini.

2. Geuza msukumo. Injini nyingi za ndege za abiria zinaweza kuelekeza hewa mbele badala ya nyuma, kama zinavyofanya ndege ikitua. Kwa kawaida haitumiki ndege ikitembea uwanjani kwa sababu inarusha vumbi na mawe. Lakini kama breki hakuna, vumbi si tatizo la kwanza.

3. Achia pedali, halafu kanyaga tena. Hii inashangaza wengi. Kwenye A320 rubani anaachia breki kwanza, anazima mfumo unaozuia tairi kujifunga, ule unaofanana na ABS ya gari, kisha anakanyaga upya taratibu. Kwa kuuzima anahamia kwenye breki za akiba.

Kwanini aachie? Kwa sababu kama mguu umekandamiza hadi chini wakati mfumo wa akiba unaingia, presha yote inafika kwenye tairi kwa mpigo. Bila kinga ya kujifunga, tairi zitasimama ghafla na kupasuka. Ndiyo maana anatakiwa asizidishe 1,000 kwenye kipimo cha presha, theluthi moja tu ya nguvu iliyopo.

4. Breki ya maegesho. Bado haisimami? Kimebaki kishikio cha breki ya maegesho, sawa na handbreki ya gari. Nacho hakivutwi moja kwa moja. Kinavutwa na kuachiwa kwa vipindi vifupi vifupi, tena kwa sababu ileile ya kuokoa tairi.

Kwenye Boeing 737 kuna angalizo jingine. Kama imebaki presha ya akiba tu, rubani anakanyaga mara moja na kuongeza nguvu polepole bila kuachia. Kila akiachia, sehemu ya akiba inapotea. Ile tabia ya dereva wa gari bovu ya kupampu breki, hapa inaimaliza akiba haraka.

Wakati hayo yanaendelea, rubani mwingine anazungumza na mnara wa kuongozea ndege. Mnara unasimamisha ndege nyingine zilizo karibu na kuita zimamoto.

Na kuna swali la ndege inaelekea wapi. Mara nyingi usukani wa tairi za pua nao unategemea haidroliki, kwa hiyo breki na usukani vinaweza kuondoka pamoja. Kama usukani bado upo, ni afadhali tairi ziishie kwenye majani kuliko ndege kugonga jengo, gari la mafuta au ndege nyingine yenye watu.

Toulouse: waling'ang'ania breki, wakasahau injini

Novemba 15, 2007, Airbus A340-600 mpya iliyokuwa ikiandaliwa kukabidhiwa shirika la Etihad ilikuwa kwenye majaribio ya injini Toulouse, Ufaransa. Ndani kulikuwa na watu 9. Injini zote 4 ziliwashwa kwa nguvu kubwa kwa pamoja. Breki ya maegesho ilikuwa imefungwa, lakini tairi hazikuwekewa vizuizi.

Ndege ikaanza kusogea. Ndani ya sekunde 13 hivi ilikuwa imepanda juu ya ukuta wa zege unaozuia upepo wa injini, na sehemu yake ya mbele ikavunjika. Watu kadhaa walijeruhiwa. Ndege ile haikuruka tena.

Uchunguzi wa Ufaransa uligundua kwamba aliyekuwa kwenye vidhibiti, baada ya kushtuka, alielekeza akili yake yote kwenye breki. Hakufikiria kupunguza nguvu ya injini, mpaka ikawa imechelewa.

Ni jambo la kibinadamu kabisa. Kitu kisiposimama, mguu unakandamiza zaidi. Lakini kama injini zinasukuma kwa nguvu kuliko breki zinavyoweza kushika, hata breki nzima haitakuokoa.

Minneapolis: injini ilizimwa, breki zikaondoka nayo

Ajali ya Minneapolis ni kama kinyume cha Toulouse.

DC-9 ina injini mbili na mifumo miwili mikuu ya haidroliki, kushoto na kulia. Siku ile mfumo wa kulia ndio uliopoteza presha, baada ya valvu moja kuvunjika kwa uchovu wa chuma. Ukabaki wa kushoto, unaopata presha yake kutoka injini ya kushoto.

Ndege ikiwa inatembea kuelekea geti, injini ya kushoto ilizimwa.

Kuzima injini moja ukiwa ardhini si jambo la ajabu. Mashirika mengi yanafanya hivyo ili kuokoa mafuta, na siku ya kawaida hakuna tatizo. Lakini siku ile, injini hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba breki, usukani na uwezo wa kugeuza msukumo. Ilipozimwa, vyote vitatu vikaondoka.

Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, waliutaja uamuzi wa kapteni wa kuzima injini hiyo kuwa ndiyo sababu ya ajali. Valvu iliyovunjika ilitajwa kama jambo lililochangia.

Angalia mpangilio huo. Valvu iliharibika, lakini ndege ilitua salama. Hitilafu haikutosha kuleta ajali peke yake. Kilichoongezeka ni uamuzi mmoja uliofanyika wakati hatari ilionekana imeshapita.

Marubani wanafundishwa kitu rahisi kuhusu hali kama hiyo: ukitua na haidroliki pungufu, simama. Usijaribu kufika geti. Funga breki ukiwa bado unazo, tairi ziwekewe vizuizi, injini zizimwe ndege ikiwa imesimama, kisha trekta la kuvutia ndege lije liivute.

Ni nusu saa ya kuchelewa, pengine zaidi. Abiria watalalamika. Lakini ndege iliyosimama haigongi mtu.

Breki ikifanya kazi kupita kiasi

Kuna upande mwingine wa tatizo. Breki inaweza isigome kabisa, ikafanya kazi vizuri sana, na bado ikaleta ajali. Kinachosababisha hapo ni joto.

Kila ndege inapopunguza mwendo, nguvu ya mwendo inageuka kuwa joto ndani ya breki. Likizidi, linahamia kwenye gurudumu, tairi na mabomba ya haidroliki yaliyo jirani.

Septemba 4, 1963, ndege ya Swissair aina ya Caravelle ilikuwa iondoke Zurich kwenda Geneva asubuhi yenye ukungu mzito. Marubani waliitembeza kwenye njia ya kurukia wakiwa wameongeza nguvu ya injini ili wautawanye ukungu, huku wakishikilia mwendo kwa breki.

Mbinu hiyo ilichemsha breki. Gurudumu likavunjika, na moto ukawaka baada ya ndege kupaa. Dakika chache baadaye ilianguka karibu na kijiji cha Dürrenäsch. Watu wote 80 walikufa. Kati yao, 43 walitoka kijiji kimoja kidogo kiitwacho Humlikon.

Machi 31, 1986, Boeing 727 ya Mexicana iliondoka Mexico City ikiwa na breki moja iliyokuwa inakwamia, haiachii vizuri. Tairi lake lilipata moto na kupasuka ndege ikiwa angani, likakata mabomba ya mafuta na ya haidroliki. Watu 167 walikufa. Tairi hilo lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni, gesi isiyosaidia moto kuwaka.

Leo ndege nyingi zina kipimo cha joto la kila breki kwenye skrini ya marubani. Kwenye A320, breki ikizidi nyuzi joto 300 za Selsiasi, ndege haitakiwi kuruka mpaka zipoe. Hofu ni kwamba tairi zikikunjwa ndani na majimaji ya haidroliki yakavuja juu ya breki ya moto, yanaweza kuwaka sehemu ambayo hakuna anayeweza kufika.

Magurudumu nayo yana vizibo vidogo vinavyoyeyuka joto likizidi. Tairi linaishiwa upepo taratibu badala ya kulipuka.

Ndege ikishasimama na breki za moto, wafanyakazi wa uwanjani huweka vizuizi kwenye tairi ili rubani aachie breki ya maegesho na sahani zipoe. Zimamoto wanaisogelea tairi kutoka mbele au nyuma, si ubavuni, kwa sababu gurudumu likipasuka vipande vinarukia pembeni.

Joto la breki pia halifikii kilele palepale ndege inaposimama. Linaendelea kupanda kwa dakika kadhaa. Ndiyo maana kapteni mwenye breki za moto anaweza kuonekana amekaa tu anasubiri, na kusubiri huko ndiyo kazi yenyewe.

Abiria anahusikaje?

Kila mtu aliyewahi kupanda ndege amewahi kuona hili. Ndege imegusa ardhi, bado inatembea, na tayari mkanda umefunguliwa, mtu amesimama anashusha begi.

Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, aliyefunga mkanda ndege ikigonga kitu au ikifunga breki ghafla anapata mshtuko tu. Aliyesimama anarushwa kwenye viti, na begi alilolishika linamwangukia mwingine. Taa ya mkanda inabaki imewaka mpaka ndege isimame kwenye maegesho kwa sababu hiyo hasa.

Mambo ya kukumbuka ni machache:

- Baki umefunga mkanda mpaka taa izimwe, hata kama geti unaliona dirishani.
- Ndege ikipunguza mwendo kidogo mara tu inapoanza kutembea, usishtuke. Kuna uwezekano mkubwa breki zinapimwa.
- Ukiona moshi au moto kwenye tairi, mwambie mhudumu mara moja. Marubani hawawezi kuziona tairi kubwa wakiwa kwenye viti vyao.
- Usikimbilie mlango bila amri. Injini inaweza kuwa bado inazunguka upande huo. Sikiliza wahudumu.

Na siku ndege yako ikitua, ikasimama katikati ya barabara za uwanja, kapteni akatangaza kuwa mnasubiri trekta la kuvuta, utasikia watu wanaguna. Geti liko pale, mita mia chache tu, kwanini asimalizie?

DC-9 ya Minneapolis nayo ilikuwa imebakiza safari fupi tu kufika getini.